Mgeni, Mwenyeji na Bei ya Pori: Historia ya Ada Mbili katika Ardhi ya Umma ya Marekani

1. Utangulizi

Katika Kiswahili neno mgeni halielezi mtu alivyo. Linaeleza mahali alipo. Mtu yuleyule ni mwenyeji asubuhi akiwa kwake, na jioni, akishavuka mto, ni mgeni. Karibu na neno hilo yapo mengine matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: mwenyeji, ambamo huonekana umbo la mwenye na la mji, yaani mtu aliye na mahali pake; mkaaji, ambaye amekaa tu, bila neno lenyewe kusema kama anamiliki kitu; na raia, ambaye hutambuliwa na serikali hata akiwa mbali na kwao. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hizo hazimdhuru mtu. Lakini maneno hayo yanapoandikwa kwenye ubao wa bei langoni pa hifadhi, kila moja hugeuka kuwa kiasi cha fedha.

Makala haya yanachunguza historia ya desturi moja ya Marekani: kumtoza mtu aliyetoka jimbo jingine ada kubwa kuliko ya mkaaji, ili aruhusiwe kuwinda, kuvua au kutembea katika ardhi na maji ya umma. Mizizi ya desturi hiyo ina miaka mia mbili. Imebishaniwa mara nyingi mbele ya majaji, na hoja zilizoitetea zimeanguka moja baada ya nyingine, lakini desturi yenyewe imebaki imesimama. Swali la makala ni hili: ikiwa hoja ya kwanza ilikufa, ni nini kinachoishikilia bei hiyo hadi leo, na je, inamtendea haki nani?

2. Ardhi ni ya nani, mnyama ni wa nani

Kwanza yafaa kutenganisha vitu viwili ambavyo macho huviona pamoja porini, yaani ardhi na mnyama anayekanyaga ardhi hiyo. Serikali kuu ya Marekani inamiliki takriban asilimia 28 ya ardhi yote ya nchi, kiasi cha hekta milioni 260, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo iko katika majimbo ya magharibi. Katika jimbo la Nevada inafikia karibu sehemu nne kati ya tano. Misitu ya taifa, hifadhi za taifa na nyika za malisho zilizomo humo ni mali ya raia wote kwa usawa: mkulima wa Montana hana sehemu kubwa humo kuliko mfanyakazi wa kiwanda wa Minnesota.

Mnyama, kwa upande wake, yuko chini ya sheria za jimbo. Kila jimbo hupanga majira ya kuwinda, hesabu ya wanyama wanaoruhusiwa kuuawa, na bei ya kibali. Hivyo mwindaji wa Minnesota akiingia katika msitu wa taifa ulioko Montana yuko katika ardhi yake mwenyewe, lakini mara anapoinua bunduki anakuwa mgeni. Hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia.

Zaidi ya ada za vibali vya kuwinda zipo pia ada za kuingia katika mbuga zinazomilikiwa na majimbo yenyewe. Hizo nazo zina historia yake, ambayo itaelezwa katika sehemu ya sita.

3. Chaza, ndege na wazo la urithi wa jimbo

Katiba ya Marekani ya 1787, katika ibara ya nne, inasema kwamba raia wa kila jimbo atapata katika majimbo mengine haki wanazopata raia wa huko. Shabaha yake ilikuwa kuyafanya majimbo yaliyokuwa yakitazamana kama nchi mbalimbali yawe taifa moja. Lakini je, haki hizo zinafika hadi kwenye chaza walioko chini ya maji?

Swali hilo lilijibiwa mwaka 1823 katika kesi ya Corfield na Coryell. Sheria ya New Jersey ya 1820 ilikuwa imewakataza watu wasiokaa katika jimbo hilo kukusanya chaza katika maji yake, na chombo kilichoitwa Hiram kilikamatwa kwa kosa hilo. Jaji Bushrod Washington, mpwa wa rais wa kwanza, alitaja orodha ndefu ya haki za msingi ambazo mtu hubeba kutoka jimbo hadi jimbo: kusafiri, kukaa, kufanya biashara, kumiliki mali, kwenda kortini. Kuvua chaza hakumo, alisema, kwa kuwa vitanda vya chaza ni mali ya pamoja ya raia wa New Jersey, kama shamba la ukoo lilivyo mali ya ukoo.

Nusu karne baadaye, katika kikao cha 1876, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuata njia hiyohiyo. Raia wa Maryland aitwaye McCready alikuwa amepanda chaza katika mto Ware, jimbo la Virginia, akatozwa faini ya dola 500. Mahakama ilisema kwamba maji yale na samaki waliomo ni mali ya watu wa Virginia kwa jumla, na kwamba haki yao juu ya mali hiyo haitokani na uraia peke yake, bali ni uraia na umiliki vikiwa pamoja. Mwaka 1896, katika kesi ya Geer na Connecticut, wazo hilo lilipanuliwa toka majini hadi angani. Jimbo liliruhusiwa kukataza ndege waliowindwa wasitolewe nje ya mipaka yake, kwa hoja kwamba mnyama wa porini ni amana iliyo mikononi mwa jimbo kwa faida ya watu wake.

Hoja hiyo haikuzuka kwa choyo tu. Mwishoni mwa karne ya 19 nyati wa Amerika, waliokuwa makumi ya mamilioni, walikuwa wamebaki mamia machache, na njiwa wa porini waliokuwa wakifunika jua waliangamia, hata wa mwisho wao akafa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Majimbo yalihitaji nguvu ya kisheria ya kuwazuia wawindaji wa biashara, na neno yetu lilikuwa nguvu iliyopatikana karibu. Hata hivyo neno hilo, likishatamkwa, lilimtaka mtu wa kutengwa.

4. Mwenyeji aliyeitwa jangili

Mtu wa kwanza kutengwa alikuwa yule ambaye hakuna aliyeweza kumwita mgeni. Mwaka 1868 serikali kuu ilifanya mkataba na watu wa Bannock, ikawaachia haki ya kuwinda katika ardhi ya Marekani isiyokaliwa na watu, maadamu wanyama wapo. Mwaka 1890 Wyoming ikawa jimbo. Mwaka 1895 mtu wa Bannock aitwaye Race Horse aliua elki saba, wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu wenye pembe za matawi, katika ardhi hiyo, naye akakamatwa kwa sheria ya Wyoming. Mwaka 1896, mwaka uleule wa kesi ya Geer, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuzaliwa kwa jimbo kulifuta haki ya mkataba. Elki walikuwa wa Wyoming, na babu wa babu zake Race Horse, waliowinda humo kabla ya kuwapo Wyoming, hawakuhesabiwa.

Uamuzi huo ulitupa kivuli kirefu. Mwezi wa Januari 2014 Clayvin Herrera, wa watu wa Crow, alifuata elki toka eneo lililotengewa watu wake katika Montana, akavuka mpaka na kuingia msitu wa taifa wa Bighorn katika Wyoming. Aliua, akashitakiwa, akahukumiwa. Naye alitegemea mkataba wa 1868, ule wa watu wa Crow. Mwaka 2019 Mahakama Kuu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilisema kwamba kuundwa kwa Wyoming hakukufuta haki ya mkataba, na kwamba uamuzi wa 1896 juu ya Race Horse usifuatwe tena katika jambo hilo. Miaka 123 ilikuwa imepita.

Kisa hiki hakihusu ada, maana Race Horse hakuombwa kulipa zaidi, alikatazwa kabisa. Lakini bila kisa hiki mtu hawezi kuipima vizuri hoja ya majimbo. Wale waliosema kwa sauti kubwa kwamba wanyama ni urithi wa wenyeji walikuwa wakaaji wa juzi, na mwenyeji wa siku zote alikuwa anasubiri nje ya korti.

5. Kamba wa South Carolina na elki wa Montana

Baada ya mwenyeji wa kale akafuata mgeni wa ng'ambo. Sheria ya Pennsylvania ya 1909 ilimkataza mtu aliyezaliwa nchi za nje, asiyepata uraia, kuua mnyama wa porini, na ili asiue ikamkataza hata kumiliki bunduki ya kuwindia. Mwitalia aitwaye Patsone alishitakiwa, na mwaka 1914 Mahakama Kuu ikaikubali sheria hiyo.

Mabadiliko yalikuja tarehe 7 Juni 1948, siku ambayo hukumu mbili zilitolewa pamoja. Ya kwanza ilimhusu Torao Takahashi, Mjapani aliyekuwa amevua samaki California tangu 1915 hadi 1942, alipohamishwa kwa amri ya jeshi wakati wa vita. Aliporudi alinyimwa kibali, kwa kuwa sheria za wakati ule hazikumruhusu Mjapani kupata uraia. California ilidai kwamba samaki wa baharini ni mali ya raia wake. Mahakama ilikataa: dai hilo la umiliki halikutosha kumzuia mkaaji halali asijipatie riziki yake.

Ya pili ilihusu kamba. Sheria ya South Carolina ya 1947 ilitoza dola 25 kwa chombo cha kuvulia kamba cha mkaaji, na dola 2.500 kwa chombo cha mtu wa jimbo jingine, yaani mara mia. Wavuvi wa Georgia walishitaki, wakashinda. Mahakama ilisema kwamba umiliki wa jimbo juu ya viumbe wanaopita ni usemi tu wa wanasheria, njia fupi ya kusema kwamba jimbo lina wajibu wa kutunza. Si umiliki wa kweli kama mtu amilikivyo ng'ombe. Kamba wenyewe husafiri kandokando ya pwani na hawaulizi mpaka uko wapi. Jimbo laweza kumdai mgeni gharama anazosababisha, lakini haliwezi kumfungia mlango kwa bei. Mwaka 1952 kanuni hiyo iliangusha pia ada ya Alaska, iliyomtoza mvuvi mgeni dola 50 na mkaaji dola 5.

Ingetazamiwa basi kwamba ada mbili zingekwisha. Hazikwisha, na sababu ni elki. Katika Montana vibali vya kuwinda vilikuwa vimeongezeka kati ya 1960 na 1970 kwa kiasi cha asilimia 67 kwa wakaaji, na kwa kiasi cha asilimia 530 kwa wageni. Kufikia 1976 mkaaji aliweza kupata kibali cha elki kwa dola 9. Mgeni hakuruhusiwa kununua cha elki peke yake. Alilazimika kuchukua kibali cha jumla, cha elki, kulungu, dubu mweusi, ndege na samaki, kwa dola 225. Mkaaji aliyetaka haki zote hizo pamoja alilipa dola 30. Uwiano ulikuwa saba na nusu kwa moja katika kibali cha jumla, na ishirini na tano kwa moja kwa mtu aliyetaka elki tu.

Walioshitaki walikuwa wawindaji wanne wa Minnesota pamoja na Lester Baldwin, ambaye jina lake lilikaa juu ya kesi. Inafaa kuangalia Baldwin alikuwa nani: si mgeni, bali mkaaji wa Montana, mwenye kazi ya kuwaongoza wawindaji porini. Riziki yake ilitoka mifukoni mwa wageni, na kila dola iliyoongezwa langoni ilimpunguzia wateja. Hivyo mpaka wa kesi haukupita kati ya wenyeji na wageni kama sheria ilivyodhani. Ulipita katikati ya wenyeji wenyewe.

Mwaka 1978, kwa majaji sita dhidi ya watatu, Mahakama Kuu iliipa Montana ushindi. Jaji Blackmun, aliyeandika hukumu, hakurudi moja kwa moja kwenye hoja ya umiliki. Alishika hoja nyingine: kuwinda elki ni burudani, tena burudani ya gharama, wala si njia ya kujipatia chakula, kwa hiyo si haki ya msingi inayolifunga taifa kuwa moja. Mvuvi wa kamba alikuwa amelindwa kwa sababu alikuwa kazini. Mwindaji wa elki hakulindwa kwa sababu alikuwa mapumzikoni. Jaji Brennan, akiungwa mkono na wawili, alipinga. Mahakama ya chini yenyewe ilikuwa imekiri kwamba uwiano wa saba na nusu kwa moja hauwezi kuelezwa kwa hesabu yoyote ya gharama. Kama ni hivyo, Brennan aliuliza kwa maneno mengi, mgeni analipia nini hasa?

Mwaka uliofuata, 1979, katika kesi ya visamaki vya chambo vilivyopelekwa toka Oklahoma hadi Texas, Mahakama ileile ilitangua waziwazi hukumu ya Geer ya 1896. Wazo la kwamba jimbo linamiliki wanyama wa porini likazikwa. Kwa hiyo katika muda wa chini ya mwaka mmoja bei ilithibitishwa, na sababu yake ya kale ikaondolewa.

6. Gharama, kura na kikomo cha mara mbili

Tangu hapo majimbo yamejitetea kwa hoja ya mchango. Mkaaji, yasemwa, hulipa kodi za jimbo mwaka mzima. Ua wake huvunjwa na elki wakati wa baridi. Barabara na walinzi wa wanyama hugharimiwa na bajeti yake. Mgeni huja kwa juma moja na kuondoka na nyama. Basi ada kubwa ni njia ya kusawazisha. Hoja hii ina uzito, na Mwafrika anaielewa upesi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Inampa sehemu ya kazi, na baada ya kulima anakula na wenzake.

Lakini hoja ya mchango ina makali pande zote mbili, kwa sababu mgeni naye ameshachangia. Tangu sheria ya 1937 serikali kuu hutoza ushuru juu ya bunduki na risasi na kuyagawia majimbo fedha hizo kwa utunzaji wa wanyama. Mtu wa Minnesota anaponunua risasi anatunza elki wa Montana kabla hajawaona. Na ardhi ambayo elki wengi wanakula majani yake imekuwa ikitunzwa kwa kodi ya taifa zima.

Katika mbuga za majimbo ukweli huo ulikubaliwa kwa njia ya wazi. Mfuko wa taifa ulioanzishwa 1965 huyasaidia majimbo kununua na kutengeneza ardhi ya mapumziko. Sheria yake inakataza ubaguzi kwa sababu ya makao, ila inaruhusu tofauti ya ada iliyo ya kiasi. Na kanuni zake zikaweka kikomo: mgeni asitozwe zaidi ya mara mbili ya ada ya mkaaji. Maana yake ni rahisi. Mahali ambapo jembe la mgeni limeshapita, mwenyeji hawezi kudai kwamba shamba ni lake peke yake. Mwaka 2021 Idaho ilipowaongezea wageni ada ya kuingiza gari katika mbuga tano zenye watu wengi, bei ilipanda toka dola 7 hadi dola 14: mara mbili kamili, wala si zaidi. Majimbo mengine yamechagua njia ya upole zaidi. Katika Montana mkaaji hulipia mbuga kidogo kidogo anapoandikisha gari lake, na langoni hupita bila kulipa. Mgeni ndiye anayelipa siku ya kuja.

Kwa vibali vya kuwinda hakuna kikomo cha namna hiyo. Mwaka 2002 korti ya rufani ya magharibi ilitilia shaka sheria ya Arizona iliyowaachia wageni asilimia 10 tu ya baadhi ya vibali, ikisema kwamba uwindaji huo ni biashara baina ya majimbo. Jibu la wanasiasa lilikuwa la haraka. Mwaka 2005 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ikitamka kwamba kila jimbo lina uhuru wa kutofautisha wakaaji na wageni katika uwindaji na uvuvi. Hapo palikuwa na sababu ambayo haikuandikwa katika sheria: mkaaji hupiga kura katika jimbo lake, mgeni hapigi. Ada ya mgeni ni kodi ambayo anayeiweka hailipi, na anayeilipa haiweki.

7. Kutoka mpaka wa jimbo hadi mpaka wa taifa

Kwa muda mrefu hifadhi za taifa zenyewe, zilizoanza na Yellowstone mwaka 1872, hazikufuata desturi hiyo. Aliyetoka Montana, aliyetoka Florida na aliyetoka ng'ambo walilipa sawa langoni. Hilo limebadilika. Kufuatia amri ya rais ya Julai 2025, ilitangazwa Novemba mwaka huo kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kadi ya mwaka ya mkaaji wa Marekani ni dola 80, na ya asiye mkaaji ni dola 250. Na kwamba mgeni wa ng'ambo asiye na kadi, mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, ataongezewa dola 100 katika hifadhi 11 mashuhuri, zikiwamo Yellowstone, Yosemite na Grand Canyon. Mpaka umesogezwa: yule aliyekuwa mgeni Montana sasa ni mwenyeji Yellowstone, na mgeni ni mwingine.

Waliotetea hatua hiyo walitaja mfano wa nchi nyingine, na mfano huo si wa kubuni. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati bei za hifadhi zimetenganishwa kwa muda mrefu: raia, mgeni mkaaji, mgeni asiye mkaaji. Rwanda mwaka 2017 ilipandisha kibali cha kutazama sokwe wa milimani hadi dola 1.500 kwa wageni. Hapa historia ya Marekani inakutana na ya Kongo kwa njia ya ajabu. Hifadhi ya Albert, ambayo sehemu yake ya Kongo leo ni Virunga, ilianzishwa 1925 ikiwa ya kwanza ya taifa barani Afrika. Aliyeisukuma mbele alikuwa Mmarekani, Carl Akeley wa jumba la makumbusho la New York, na mfalme Albert wa Ubelgiji mwenyewe alikuwa ameiona Marekani na mandhari yake alipoitembelea 1919. Wazo la hifadhi lilitoka kule na kuja huku. Wazo la bei mbili kwa raia na mtu wa ng'ambo limezoeleka huku, na sasa limefika kule.

Hata hivyo mifano miwili hiyo hailingani kabisa. Katika nchi ambayo mshahara wa mwalimu hauwezi kulipia bei ya mtalii, bei ndogo ya raia ndiyo inayomwezesha kuiona nchi yake. Bila hiyo mlango ungefungwa mbele ya mwenyeji mwenyewe. Huko Marekani mwindaji wa Montana na wa Minnesota hawatofautiani kwa utajiri kiasi hicho. Tena, kama Wyoming ilivyomsahau Race Horse, ndivyo palivyo na wakaaji wa kandokando ya hifadhi zetu ambao hawajauliza bei ya kiingilio, kwa kuwa swali lao ni jingine: mababu zao walitolewa lini humo, na kwa mkataba gani?

8. Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha hatua tatu. Kwanza jimbo lilisema kwamba mnyama ni wake, na mgeni hana sehemu. Hoja hiyo ilidumu toka 1823 hadi 1979, nayo ikaanguka. Pili majaji walichora mstari kati ya riziki na burudani: anayevua ili ale alindwe, anayewinda ili afurahi asilindwe. Mstari huo ulimwacha Baldwin pasipo mahali, kwani burudani ya wateja wake ndiyo iliyokuwa riziki yake. Tatu ikaja hoja ya mchango, ambayo ndiyo pekee inayoweza kupimwa kwa hesabu, nayo hudai kila upande uhesabiwe.

Kutokana na hatua hizo tatu yaweza kutolewa kipimo kimoja. Ada kubwa ya mgeni ni ya haki inapokuwa jembe, yaani sehemu yake ya kazi ambayo wenyeji wameshaifanya. Inapozidi kazi hiyo hugeuka kuwa komeo la mlango, hata kama juu ya mlango pameandikwa karibu. Kikomo cha mara mbili kilichowekwa kwa ajili ya mbuga zilizosaidiwa na mfuko wa 1965 kilikuwa jaribio la kutenganisha jembe na komeo. Bei ya dola 225 kwa 9 haikujaribu kufanya hivyo.

Na kabla ya kuhesabu, pana swali ambalo bei yenyewe hailijibu. Ubao ulioko langoni humwuliza kila mtu ametoka wapi. Haumwulizi aliyeuandika alifika lini.